Hakuna Sekunde za Bure

"Kaka, klipu ya NBA ikiwa chini ya sekunde ngapi haina kesi?"

Swali hilo nimeulizwa hapa Matiri na vijana wanaorekodi video za kwaya, nimeulizwa na mwalimu wa michezo wa Mbinga mjini, nimeulizwa kwa ujumbe wa sauti kutoka Mbamba Bay huku mawimbi ya Ziwa Nyasa yakisikika nyuma ya muulizaji. Kila anayeuliza huwa ameshakuja na jibu lake mfukoni. Wa Mbinga anasema saba. Wa Mbamba Bay kasikia kumi. Wa Songea ana thelathini, nadhani kwa sababu kule ndiko makao makuu ya mkoa. Wote wana nia njema: wanataka kutengeneza filamu ya makala kuhusu mpira wa kikapu wa kulipwa, na kwa Mtanzania hiyo karibu kila mara ni filamu ya Hashim Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Wameshapakua mechi, wameshazikatakata, kilichobaki ni kupewa baraka.

Baraka hiyo sina. Sheria ya sekunde saba haipo Tanzania, haipo Marekani, haipo Uingereza. Haipo ya kumi wala ya thelathini. Mimi nahariri filamu, ndiyo kazi inayonilisha, na nimeshachoka kuona kazi nzuri za vijana zikifia mezani kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna anayejua nani aliitunga. Kwa hiyo leo nitalijibu swali kwa kirefu, ili atakayeniuliza tena nimpe ukurasa huu asome.

Tuanze nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inakuruhusu kunukuu kazi ya mtu bila kumwomba. Ndiyo, inaruhusu, sijasema kila kipande ni haramu. Ila masharti yake ni haya: kazi yenyewe iwe imeshatoka hadharani kihalali, unukuzi uwe wa haki, urefu wake usizidi kile ambacho kusudi lako linahitaji, na utaje chanzo pamoja na jina la mwenye kazi. Tafuta sekunde katika masharti hayo, huzioni. Urefu unapimwa kwa kusudi. Kama unachambua jinsi Hashim alivyokuwa akisimama chini ya kikapu kuzuia mipira, huenda sekunde nne zikatosha na ya tano ikakuingiza matatani. Kama unafafanua shambulizi zima la timu, hatua kwa hatua, huenda ishirini zikakubalika. Na kama klipu umeiweka kwa sababu tu inapendeza, hata moja ni nyingi.

Huku kwetu kahawa ikiiva, ukikamatwa shambani kwa jirani na kilo moja ya matunda mekundu, mwenyekiti wa kijiji hakuulizi kwa nini hukuishia gramu mia saba. Mfano huu una kasoro yake, kwa kuwa hakimiliki, tofauti na shamba, kweli huruhusu kuchuma kidogo kwa kazi maalumu. Lakini hata hapo unaulizwa ulikuwa unafanya kazi gani. Mizani haitolewi.

Wengine huniambia, "Sawa kaka, lakini hizo ni nadharia, nani amewahi kushtakiwa kwa sekunde nane?" Ni vizuri wakitaja nane, maana kesi yake ipo. Uingereza kulikuwa na programu ya simu iliyoitwa Fanatix. Mashabiki walikuwa wakirekodi vipande vya mechi za kriketi kutoka kwenye matangazo ya televisheni na kuvipandisha humo, kila kipande kikiwa na urefu usiozidi sekunde nane. Bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales, pamoja na kituo cha Sky, wakaenda mahakamani. Utetezi ukasema hizi ni habari za matukio, tena ni sekunde nane tu kutoka katika matangazo ya saa nyingi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikawakatalia. Hoja ya jaji inafaa kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha uhariri: thamani ya matangazo ya michezo haikugawanywa sawasawa kwenye kila dakika. Imelundikana kwenye matukio machache, na hayo ndiyo watu waliyokuwa wakiyachukua.

Sasa rudi kwenye kikapu. Mechi ya NBA ina dakika 48 za saa ya uwanjani, lakini matangazo yake hupita saa mbili. Katika saa hizo mbili wewe hukuchukua mchezaji akifunga kamba za viatu. Ulichukua mtu aliyeruka na kuupiga mpira ukaenda hadi safu ya tatu ya viti. Umechagua sekunde za bei ghali kuliko zote, halafu unajitetea kwamba ni chache.

Kwenye muziki hali ni kali zaidi. Wajerumani waligombana kwa zaidi ya miaka ishirini juu ya sekunde mbili. Ni sekunde mbili za mdundo wa kundi la Kraftwerk, wa mwaka 1977, zilizochukuliwa na mtayarishaji mmoja kwenye wimbo wa mwaka 1997. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba hata kipande kifupi sana cha rekodi kinahitaji ruhusa, isipokuwa kama kimebadilishwa kiasi cha kutotambulika kwa kukisikiliza. Kwa hiyo yule anayeweka mdundo wa Marekani "sekunde tano tu za kufungulia", ajue kwamba wenzake wamepelekana mahakamani kwa mbili.

Upande wa pili wa shilingi ndio unaoonyesha jinsi hesabu ya sekunde ilivyo upuuzi mtupu, kwa sababu kuna waliochukua nyingi wakapona. Mwaka 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Mkurugenzi Leon Gast alipiga picha za pambano lile na shamrashamra zake, akahangaika na fedha na kesi kwa miaka zaidi ya ishirini, ndipo filamu ya When We Were Kings ikatoka na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1997. Kabla ya kutoka, kampuni ya Turner ilikuwa na filamu yake ya televisheni kuhusu maisha ya Ali, na ndani yake mlikuwa na vipande vya picha hizohizo, jumla yake ikikadiriwa kati ya sekunde 41 na dakika mbili. Wenye picha wakataka filamu ya Turner izuiwe. Mwaka 1996 mahakama ya New York ikakataa kuizuia: ni wasifu wa mtu wa historia, vipande vimewekwa kueleza historia, na ni sehemu ndogo ya simulizi.

Miaka michache baadaye, kampuni nyingine ikatoa wasifu wa Elvis Presley wa saa 16. Vipande vingi vilikuwa vifupi. Mahakama ya rufaa ya Marekani, mwaka 2003, ikaacha amri ya kuizuia isimame. Tatizo lilikuwa kwamba baadhi ya vipande viliachwa vikatiririka, mtu akiimba na mtazamaji akiburudika, bila msimulizi kuvifanyia kazi yoyote. Msimulizi kunena maneno mawili kabla ya wimbo hakukuisaidia kampuni ile.

Dakika mbili zilipita, sekunde nane zikakataliwa. Ukishaliona hilo, utakubali kwamba swali la "sekunde ngapi" halijibiki. Swali linalojibika ni hili: nikikitoa kipande hiki, hoja yangu inaanguka? Kama haianguki, kitoe. Na ukijiambia kwamba hukumu hizi ni za ng'ambo, kumbuka mechi unayoikata ni ya ng'ambo, mtandao unaopandishia ni wa ng'ambo, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo kazi ya Mmarekani inalindwa hapa kama ya Mtanzania.

Baada ya sekunde huja dawa za mtaani, nazo nimezichoka vilevile.

Ya kwanza ni kugeuza picha, kushoto iwe kulia. Kuna kijana alinitumia rasimu iliyogeuzwa yote hivyo "ili mashine isiitambue". Nikaifungua. Jezi ya Hashim ya Memphis, namba 34, imekuwa 43 yenye tarakimu zilizopinduka, na jina la timu kifuani halisomeki. Nikavumilia. Kisha akatokea James Harden, mchezaji ambaye kila mpenzi wa kikapu duniani anajua anatumia mkono wa kushoto, akapanda kikapuni na kufunga kwa mkono wa kulia. Hapo nikasimamisha. Mtazamaji wa Lituhi ambaye ameamka saa tisa usiku msimu mzima kuangalia NBA atacheka hapohapo, na akishacheka hutamrudisha kwenye simulizi. Na mashine ya YouTube? Iliitambua ile video kabla haijamaliza kupanda.

Ya pili ni kupunguza mwendo au kuuongeza. Mtangazaji anaanza kuongea kama mlevi, watu wanakimbia kama kuku, na bado ni picha ya mtu. Ya tatu ni kuweka fremu ya rangi pembeni, au kuikuza picha mpaka alama ya kituo itoke nje. Hiyo inakuharibia kesi, maana inaonyesha ulijua ni ya nani ukaficha. Ya nne ndiyo inayonichekesha: maandishi ya mwanzoni yanayosema "Sina nia ya kuvunja hakimiliki, picha zote ni mali ya wenyewe." Umekiri kwa maandishi kwamba si zako, umekiri kwamba unamjua mwenyewe, na hukumwomba. Wakili wa upande wa pili atakushukuru.

"Mbona fulani anazo kwenye chaneli yake na hajaguswa?" Hili nalo huja kila mara. Kwanza, hujui kama hajaguswa. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu unampa mwenye mali njia tatu: kuizuia video, kuiacha lakini mapato ya matangazo yaende kwake, au kuiacha na kuifuatilia tu. Huyo fulani huenda anafanya kazi ya bure kwa ajili ya ligi na hawezi kukwambia. Pili, mwenye mali akinyamaza leo hajakupa leseni. Ligi inajua vipande vya mitandaoni vinaitangaza, hivyo vingi inaviachia. Kesho ikiamua vinginevyo hailazimiki kukutaarifu. Ikituma malalamiko rasmi, chaneli hupata onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta chaneli pamoja na video zako zote za kwaya.

Lakini YouTube ndiyo hatari ndogo. Balaa huja siku filamu inapopendwa. Kituo cha televisheni kinapiga simu, kinataka kuinunua. Au tamasha la filamu limeichagua. Kabla ya senti moja kutoka, wanakutumia jedwali: kila klipu, inaanza wapi, inaishia wapi, ni ya nani, leseni namba ngapi, kila wimbo vivyo hivyo, na mwisho sahihi yako kwamba wakishtakiwa wao, utalipa wewe. Hapo ndipo mtu wa sekunde saba hunipigia simu usiku. Filamu ya dakika 40, klipu za NBA zimetapakaa dakika 19. Ukizitoa, kinachobaki ni mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki anasema Hashim alikuwa mrefu.

Msidhani wakubwa wanapona. Hoop Dreams, ya mwaka 1994, ndiyo filamu ya kikapu ninayompa kila mwanafunzi aiangalie kwanza. Ndani yake familia ya Arthur Agee inamwimbia wimbo wa kawaida wa siku ya kuzaliwa alipotimiza miaka 18. Wimbo ule unaoimbwa kila nyumba yenye keki. Watayarishaji walilipa dola 5,000 ili ubaki. Mwaka 2015 mahakama ya Marekani ikaja kuamua kwamba kampuni iliyokuwa ikitoza malipo ya wimbo huo haikuwa na hakimiliki halali juu ya maneno yake. Wakati huo filamu ilishamaliza miaka 21 na fedha ilishaliwa.

Kwa nini nang'ang'ania Hoop Dreams? Kwa sababu inajibu swali ambalo vijana wangu hawaniulizi: bila klipu za NBA, filamu itasimama kwa kitu gani? Steve James na wenzake waliwafuata vijana wawili wa Chicago, Arthur Agee na William Gates, kwa takriban miaka mitano. Walirudi na picha za saa 250 hivi, wakazikata hadi chini kidogo ya saa tatu, na kazi ile ya kukata ikateuliwa kugombea Oscar ya uhariri. Kati ya vijana hao wawili hakuna hata mmoja aliyefika NBA. Kuna mama anayesomea kazi ya kuhudumia wagonjwa, kuna umeme uliokatwa nyumbani, kuna goti lililoumia, kuna baba anayeondoka na kurudi. Mechi zipo, lakini zinakuja baada ya kujua nyumbani kuna nini, ndiyo maana mtupo huru wa kijana wa shule unakutoa jasho.

Linganisha na The Last Dance ya mwaka 2020, ambayo ndiyo kila kijana anataka kuiiga. Sehemu kumi, Michael Jordan, Chicago Bulls, msimu wa 1997-98. Watu wanaona picha za chumba cha kubadilishia nguo wanadhani huo ni ustadi wa mhariri. Zile picha, takriban saa 500, zilipigwa na kitengo cha ligi yenyewe kilichoruhusiwa kuingia kila mahali, zikakaa ghalani karibu miaka ishirini zikisubiri Jordan akubali. Mkurugenzi Jason Hehir akahoji watu zaidi ya mia moja juu yake. Na kampuni ya Jordan mwenyewe ilishiriki katika utayarishaji, jambo ambalo wakongwe wa fani, Ken Burns akiwemo, walilisema waziwazi kwamba halifai. Hiyo ndiyo bei ya picha za ligi: ukizipata zote, mwenye nazo amekaa kwenye kiti cha pembeni yako. Wewe wa Mbinga huna ghala lile, lakini pia huna Jordan wa kukukagua. Mimi naona hiyo ni nafuu.

Hashim, basi. Tunayoyajua hayahitaji leseni ya mtu. Kazaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, kachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 25, 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili katika drafti nzima ya NBA, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Februari 2010 akashushwa ligi ya chini, kwa Dakota Wizards, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa wa pili akashushwa hivyo kabla yake. Matokeo, takwimu, tarehe, nani alifunga dakika gani, hayo ni mambo ya kweli na hayana hakimiliki. Ligi ya NBA yenyewe iliwahi kuishtaki kampuni ya Motorola kwa kuuza kifaa kinachoonyesha matokeo ya mechi zikiendelea, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ikaipa Motorola ushindi. Kwa hiyo ule mchezo unaoutaka, mchore. Uwanja kwa mistari, mchezaji kwa duara na namba, mpira kwa nukta. Ukichorwa vizuri, mtazamaji anaelewa ulinzi kuliko angeuona kwenye klipu iliyopakuliwa ikiwa na ukungu.

Na kuna kitu ambacho hakuna kamera ya Marekani iliyopiga: kilichotokea huku. Nani alimpa mpira wa kwanza. Viwanja vya saruji vya Dar vilivyojaa nakshi za nyufa. Mwalimu wa hapa Mbinga aliyesikia habari ya drafti redioni. Kijana wa Kitai, pale malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapoingia barabara kuu, aliyetundika ringi ya baiskeli kwenye mti baada ya kuona jezi namba 34. Hizo ni picha zako. Hubert Davis alipotengeneza Giants of Africa, mwaka 2016, alimfuata Masai Ujiri kwenye kambi za vijana za Kenya, Rwanda, Nigeria na Ghana, na filamu ikasimama kwa vijana wale wasiojulikana.

Mkishaamua kupiga picha zenu, haya yashikeni, nayasema haraka kwa sababu nafasi imeliwa na sekunde saba. Uwanja wa kikapu una mstari wa kufikirika kutoka goli hadi goli. Kaa upande mmoja wa mstari huo mechi nzima, ukivuka, timu iliyokuwa ikishambulia kulia itaonekana ghafla inajifunga yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo chini ya taa weka kasi ya shata moja ya hamsini au moja ya mia, vinginevyo picha itapepesa na hakuna programu itakayoitibu vizuri. Piga ubao wa matokeo baada ya kila kikapu, hata kama ni chaki ubaoni, maana mezani ndipo utakapogundua hujui ilikuwa ngapi kwa ngapi. Kinasa sauti cha pili kiweke chini ya goli. Mpira wa kikapu husikika kabla haujaonekana: raba zikilia sakafuni, mpira ukidunda, wavu. Mimi nikikata mtupo wa mwisho siuonyeshi mpira ukiingia. Naukata ukiwa bado hewani, naenda kwenye uso wa aliyekaa benchi, naacha wavu usikike, ndipo naonyesha macho yake. Fanya hivyo mara moja kwenye filamu, usifanye mara nne.

Karatasi. Kibali cha kupiga picha kutoka Bodi ya Filamu. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kama una droni. Ridhaa ya maandishi ya kila anayehojiwa, na ya mzazi kwa kila mtoto. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022. Wazee wahojini kwa Kimatengo au Kinyasa kama ndiyo lugha wanayoitumia vizuri, mwandike tafsiri chini. Muziki mwagizeni mtu wa hapa, mwandikishiane, mlipane. Picha mnato zipo zenye leseni huria mitandaoni, someni masharti na mtaje mpiga picha. Albamu za familia ombeni kwa adabu na mrudishe. Kazi yenu ikikamilika isajilini kwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kwa sababu mtakuja kuibiwa nanyi.

Na kama baada ya yote hayo bado kuna klipu ya NBA ambayo bila hiyo hoja inaanguka, iandikie ligi uombe leseni. Sema ni mechi gani, tarehe gani, inaanza wapi inaishia wapi, filamu itaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi. Ghala za picha za michezo hutoza kwa sekunde au kwa dakika, na mara nyingi kuna kiwango cha chini ambacho utakilipa hata ukichukua pungufu. Mahali pekee ambapo sekunde huhesabiwa ni kwenye ankara.

Wenye rasimu mnaendelea kukaribishwa Matiri, na wa mbali mnitumie. Ila kuanzia sasa kila rasimu ije na lile jedwali: klipu, mwenye nayo, ruhusa. Isiyokuwa nalo sitaifungua.